Marinda ya Kiskoti

Binti yangu aliniomba nisiongee. Hakunikataza kufika shuleni kwao. Alisema naweza kwenda siku yoyote, mradi mdomo niuache nyumbani kando ya cherehani.

"Papa, ukisalimia tu, wanajua," aliniambia kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili anakisikia chote lakini kukijibu hataki.

"Wanajua nini?"

"Kwamba hatukutoka hapa."

Ulikuwa mwaka 2019, naye alikuwa na miaka kumi na minne. Wenzake darasani alishawaambia kwamba sisi ni Wavenda wa mpakani kabisa huko Limpopo, mbali kiasi kwamba hakuna ambaye angejisumbua kwenda kuhakikisha. Nilimwuliza kwa nini hakutufanya Wazulu, maana Kizulu anakiongea kuliko Wazulu wenyewe. Akasema, "Papa, jiangalie kwenye kioo." Nilijiangalia: weusi wangu haukuwa wa Kizulu. Wavenda walikuwa chaguo la busara.

Ofisi ya shule ilijua ukweli. Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa ndani ya faili lake, zimepigwa mihuri mpaka hazina pa kuandikia. Lakini ofisi haipandi taksi, zile daladala za huku. Wanaopanda taksi ni wanafunzi, na mwaka ule, wageni wakichukiwa, neno moja likimponyoka mwanafunzi ndani ya taksi lingeweza kushukia kituo ambacho hukukitaka. Kwa hiyo uongo wake niliuheshimu. Nilikuwa mzee mzima wa Uvira, Congo, nimekuwa Mvenda bila kuhama kiti.

Kiti nakitaja kwa makusudi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari kwetu, sehemu ya ushonaji, mvulana peke yangu kati ya wasichana thelathini, na tangu hapo sikuona sababu ya kwenda mbali na cherehani. Yeoville tulikaa ghorofa ya tatu, mashine yangu ikiwa dirishani, na kupitia dirisha hilo niliijua Johannesburg vizuri sana, upana wa mita moja na nusu. Mke wangu ndiye aliyetoka. Alisuka nywele saluni, Rockey Street, na jioni alirudi na habari na mboga.

"Mama wa nyumbani hajambo?" alinisalimia mlangoni.

"Hajambo. Ameosha vyombo."

"Umetoka leo?"

"Nimekwenda kutupa takataka."

"Basi umetembea. Keshokutwa utafika Soweto."

Majirani walidhani mimi ni mvivu. Mke wangu alijua mimi ni mwoga, akawa na hisani ya kuniita mvivu.

Shule ya binti yetu ilikuwa kaskazini mwa jiji, kwenye miti mikubwa na nyasi zinazonyweshwa hata wakati wa ukame. Iliwekwa na Waskoti waliofuata dhahabu zamani zile, wakaona aibu kuchimba bila kusomesha. Ilikuwa na majengo ya mawe yenye mnara. Watoto waligawanywa katika nyumba nne, kila nyumba ikiitwa kwa jina la ukoo fulani wa milimani huko Scotland, na binti yangu, mjukuu wa wavuvi wa dagaa, alikuwa mtu wa ukoo ambao mimi mpaka leo siwezi kuutamka bila kutema mate. Aliingia kwa ufadhili. Mtihani aliufaulu, lakini kilichowafurahisha zaidi ni mapafu. Walimpa zumari lile la mfuko, lenye mabomba yanayotokea begani kama miguu ya mbuzi, nao walimu waliokuja kumsikiliza wakamwomba arudie. Mwaka wa pili alikuwa anatembea mbele ya bendi.

Nyumbani alifanya mazoezi kwa kijizumari chembamba kisicho na mfuko, na jirani wa ghorofa ya nne alipiga sakafu kwa ufagio. Mimi niliupenda mlio ule, ingawa zumari lenyewe lina noti moja ya chini ambayo haikatiki, inakwenda tu chini ya wimbo mzima kama mtu anayesubiri zamu yake.

Siku moja ya Juni mwalimu wake wa historia alipanda ngazi zetu. Alikuwa mzee wa Kizungu karibu na kustaafu, ndiye aliyetunza chumba cha kumbukumbu za shule pamoja na mavazi ya bendi. Alifika mlangoni anahema, mikononi amebeba mfuko mkubwa. Nondo walikuwa wamekula kilti kumi na mbili. Kilti ndiyo ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, yenye miraba mbele na marinda nyuma, na pale shuleni waliivaa wavulana na wasichana wa bendi. Bibi aliyezishona miaka yote alikuwa amefariki. Ofisini waliona kwenye faili la binti yangu: kazi ya baba, fundi wa nguo.

"Unaweza?" aliuliza.

Nikaikunjua moja mezani. Nilihesabu marinda, nikapima kitambaa, nikapima tena. Mita saba. Mita saba za sufu nzito kwa vazi lisilofika magotini. Kwetu mita saba zinamvisha mama, zinamvisha binti, na kilemba kinabaki. Nilitaka kumwambia kwamba yule bibi marehemu alikuwa akiwaibia, lakini nilipoligeuza nikaona hila yake. Kila rinda lilikunjwa pale pale mstari ulipoangukia, mistari yote ikakutana, na ukiitazama nyuma huoni kwamba kuna kitambaa kingi kilichofichwa. Ukicheza, kinafunguka.

"Ninaweza," nilisema. Akaniletea majora ya kitambaa cha shule nishone mpya, na ya kwanza ilinichukua siku nne na matusi mengi.

Mzee alikuja kila Alhamisi alasiri kukagua, na alipogundua kwamba mke wangu huacha chai kwenye chupa, akawa anakuja na Jumanne. Nilipenda kumchokoza.

"Kwenu Scotland ni sehemu gani hasa?" nilimwuliza siku moja.

Akakohoa. Aliyetoka huko alikuwa babu yake. Yeye alizaliwa hapa hapa Johannesburg.

"Lakini umeshafika?"

"Mara mbili. Mara zote mbili niliugua mafua."

"Basi wewe ni Mskoti kama binti yangu alivyo Mvenda."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Siri ya kwetu alikuwa ameipata kwa binti mwenyewe, maana alimpenda kama mjukuu. Akaniambia nisimdharau mtoto kwa hilo. Kwao, alisema, Scotland ilipoungana na Uingereza ilikabidhi bunge lake, ikabaki na vitu vitatu: kanisa, mahakama na shule. Kabla ya hapo walikuwa wameshapitisha sheria kwamba kila parokia iwe na shule, hata mtoto wa mkulima afundishwe kusoma. Ndiyo maana Mskoti akiulizwa taifa lake liko wapi, hakuonyeshi jeshi, anakuonyesha darasa. Taifa zima lilikwenda kujificha shuleni.

"Na hiki kitambaa?" niliuliza.

"Hiki walikatazwa kukivaa. Watu wa milimani waliasi, wakashindwa, miraba yao ikapigwa marufuku. Baadaye wafalme waliokikataza wakakipenda, wakakivaa wenyewe, kikawa cha kila mtu."

"Hiki hiki cha shule yenu ni cha tangu wakati huo?"

Alikohoa tena. Cha shule kilichorwa na mke wa mkuu wa kwanza, hapa hapa, siku ambayo mvua ilimzuia kutoka. Lakini sasa kilikuwa kitakatifu. Hakukivaa mtu asiye wa shule. Haya aliniambia waziwazi, nami niliitikia kwa kichwa huku nikitunga uzi, nikidhani anaongea juu ya kilti.

Siku nyingine aliniambia habari ya kijiti. Shule zile zile zilizokuwa fahari ya taifa zilipofika milimani, zilikuta watoto wanaongea lugha ya mama zao. Aliyenaswa akiiongea alivalishwa kijiti shingoni kwa kamba. Njia ya kukivua ilikuwa moja: umsikilize mwenzako mpaka neno limponyoke, umpe yeye. Jioni aliyebaki nacho alichapwa.

Nilisimamisha cherehani. Nilimwambia kwamba sisi, huko Uvira, tulivaa mfupa wa ng'ombe. Lugha iliyotakiwa ilikuwa Kifaransa na iliyokatazwa ilikuwa hii yetu, kwingine kote hapakuwa na tofauti. Niliuvaa siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilisimama karibu na bomba la maji wakati wa mapumziko, nikamnasa dada yangu mdogo akiomba kunywa.

Chai ya mzee ilipoa. Sijui kwa nini nilimwambia, mke wangu mwenyewe sikuwahi kumwambia.

Mwezi wa nane ulipofika, upepo wa vumbi ulianza na maneno nayo yakaanza. Zilikuja sauti kwenye simu, mtu asiyejulikana akitaja Jumatatu fulani, akisema wageni wajiandae. Jumatatu ilipita, ikatajwa nyingine. Mwethiopia mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani pale chini, ambaye zamani alifunga duka usingizi ukimshika, sasa alishusha mlango wa chuma saa tisa alasiri. Kwenye saluni mke wangu aliacha kuongea Kiswahili na wateja wa Bukavu, wakawa wanasukana kwa Kiingereza, wote wanakivunja, wote wanajikaza. Dirishani kwangu mita yangu moja na nusu ya Johannesburg ilionekana ile ile, ila watu walipita haraka zaidi.

"Mwanao anafika lini nyumbani siku hizi?" mke wangu aliniuliza.

"Saa kumi na dakika ishirini. Nimesimama dirishani tangu tisa."

"Kusimama kwako kunaisogeza taksi?"

"Bado najaribu."

Kilti ya mwisho niliimaliza katikati ya Agosti. Na hapa ndipo nilipokosea. Kwetu fundi anabaki na vipande. Hili si jambo la kujadili. Mteja analeta kitambaa, anachukua vazi, na kinachoanguka chini ya meza ni cha aliyeinama kukiokota. Mteja anayedai vipande anaonekana amechanganyikiwa au ana shida kubwa nyumbani. Kilti kumi na mbili ziliniachia vipande vya kutosha, nikajishonea kizibao. Miraba ilikutana kifuani, mifukoni, hata begani. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu. "Umefanana na kochi," alisema.

"Ni kazi ya mkono."

"Kochi pia ni kazi ya mkono."

Binti yetu hakucheka. Aliuliza nitakivaa wapi. Nikamwambia kwamba mwalimu wake ameniomba nifike siku ya michezo ya Kiskoti, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikae chumba cha kuvalia na sindano, maana kilti mpya huhitaji mtu wa kuzifunga na kuzibana. Kisha akaweka masharti, kama wakili. Nisiongee. Nisimwite. Nikiulizwa, mimi ni fundi. Kizibao nivae tu kama lazima.

Niliona ni lazima. Nilikuwa sijatoka Yeoville tangu mwezi wa pili, na mtu akitoka mara moja kwa mwaka anavaa.

Uwanja ulikuwa umejaa mahema na wazazi wenye miwani ya jua. Bendi za shule nyingine zilikuwa zinapiga mbali, kila moja wimbo wake, ile noti ya chini ikitoka pande zote. Chumba cha kuvalia kilikuwa nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Walikuja mmoja mmoja, wanasimama mbele yangu, nafunga mikanda, naweka pini, wanakwenda. Binti yangu alikuja zamu yake. Alisimama kama wateja wanavyosimama, macho juu ya kichwa changu. Nilipiga goti nikayanyoosha marinda yake.

"Asante, bwana," alisema kwa Kiingereza, akatoka.

Niliona amefanya vizuri. Nilijiambia hivyo mara mbili.

Baada yake alibaki msichana mmoja tu, wa ngoma ndogo, darasa moja na binti yangu. Alikaa kwenye benchi akikaza kamba za viatu. Nilimjua kwa picha aliyonionyesha binti yangu: alitoka Soweto kila asubuhi, akabadilisha taksi mjini mahali pale pale binti yangu alipobadilishia, na kutoka hapo walisafiri pamoja. Alinisalimia kwa heshima, "Sawubona, baba," nikainamisha kichwa.

Ndipo akaingia mama mmoja wa kamati ya wazazi, amejifunga skafu ya miraba ile ile ya shule. Alisimama. Alikuwa akikitazama kifua changu.

"Samahani," alisema. "Kitambaa hicho umekipata wapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeahidi.

"Nakuuliza kwa upole. Kitambaa hicho hakiuzwi popote. Kila mita inahesabiwa hapa."

Nikatabasamu. Mtu akiulizwa habari ya wizi halafu akatabasamu bila kusema, unajua anavyoonekana. Yule mama alirudi hatua moja na kutoa simu yake mkobani. Kama ningefungua mdomo, lafudhi yangu ingemwambia kila kitu. Niliufunga, na ukimya nao ukawa unamwambia mambo mengine, mabaya zaidi.

Mzee aliingia wakati huo akitafuta chupa yake ya maji. Akaona simu, akaona kizibao, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alikimbilia kuniokoa.

"Hapana, hapana, mama. Huyu ndiye fundi wetu. Tena ni mzazi. Baba wa yule binti anayetangulia na zumari. Wametoka Congo, hebu fikiria, na marinda haya ameyashona vizuri kuliko wale wa Edinburgh. Kama yupo mwenye haki ya kuvaa hiki kitambaa ni yeye."

"Congo," alisema yule mama, uso ukafunguka. "Vizuri sana." Alinipongeza, akagusa mfuko wa kizibao kwa kidole, akaenda zake. Sidhani alilikumbuka jambo lile hata alipofika kwenye hema la chai.

Msichana wa ngoma alikuwa amemaliza kufunga viatu muda mrefu. Alitazama mlango aliotokea yule mama, akanitazama mimi. Alitabasamu tabasamu zuri, la mtoto aliyelelewa vizuri. Akavaa ngoma yake, akatoka.

Mzee aliniuliza kama nina homa.

Siku ile bendi yetu ilishinda. Binti yangu alikuwa na furaha, alizungumza tangu mlangoni mpaka jikoni, akala mara mbili. Sikumwambia. Nilimwambia mke wangu, na mara hii hakunichokoza.

"Yule mtoto ni mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Ana adabu."

"Hilo si jibu."

Jumapili fujo zilianza mjini. Tulisikia kwanza kwa simu, kisha moshi ukaonekana upande wa kusini, hata mimi kwenye dirisha langu niliuona. Maduka yalivunjwa. Jumatatu asubuhi shule ya kaskazini ilikuwa wazi kama kawaida, nyasi zinanyweshwa, na binti yangu amevaa sare, anasimama mlangoni.

"Leo huendi," nilisema.

"Papa, nikikosa leo wataniuliza kwa nini Mvenda amekosa leo."

Nikavaa koti, nikasema nitamsindikiza.

"Ukija ndiyo mbaya zaidi."

"Nitakaa nyuma. Mimi ni fundi."

Taksi ya kwanza ilitufikisha mjini salama. Kwenye ya pili msichana wa ngoma alikuwa tayari ameketi, akampungia binti yangu mkono aje kando yake. Mimi nilibanwa safu ya nyuma kabisa, kati ya mama mwenye ndoo na mzee anayesinzia. Taksi nzima ilikuwa kimya. Hakuna hata redio. Tulivuka barabara mbili, na kwenye robot iliyofuata, yaani taa za barabarani, wanaume kama kumi walikuwa wamesimama katikati ya lami, wengine na fimbo, wengine mikono mitupu, na hao wa mikono mitupu ndio waliotisha.

Mmoja alivuta mlango. Alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, anaongea polepole kama mkaguzi wa tiketi. Aliuliza watu wanakotoka. Walimjibu mmoja mmoja kwa Kizulu, kwa Kisotho, mama wa ndoo akamkaripia kwamba anamcheleweshea kazi, yeye akamwomba radhi. Binti yangu alijibu vizuri, sauti yake haikutetemeka. Nilimsikia akisema Limpopo. Yule kijana alimtazama muda kidogo, kisha akaangalia nyuma.

"Na wewe, baba?"

Kizulu nakisikia, lakini ninachoweza kukitamka kinatosha kununua nyanya tu. Nilifungua mdomo. Binti yangu hakugeuka, ila niliona shingo yake ikikaza.

"Huyo ni bubu," alisema msichana wa ngoma. "Anatushonea nguo shuleni. Haongei wala hasikii."

"Bubu?"

"Tangu azaliwe. Mwulize huyu." Akamgusa binti yangu begani. "Sivyo?"

"Ndiyo," alisema binti yangu. "Bubu."

Yule kijana alinipungia mkono mbele ya uso, kama unavyompima mtoto mchanga. Niliutazama mkono. Akacheka, akampa dereva ishara, mlango ukafungwa kwa kishindo, na mimi, ambaye sikutakiwa kusikia, niliruka kitini. Hakuna aliyeona ila mama wa ndoo. Alisogeza ndoo yake, akatazama nje.

Mbele, msichana wa ngoma alikuwa amemwinamia binti yangu, anamnong'oneza. Alinong'ona muda mrefu. Sikuona uso wa binti yangu, niliona tu kichwa chake kikiitikia, mara moja, mara mbili.

Walipofika kituoni kwao walishuka. Binti yangu alishuka na mikoba miwili.

Fujo zilipungua baada ya wiki mbili hivi, watu wakarudi kuongea sauti ya kawaida. Mwethiopia alipaka rangi mlango wake. Mke wangu alirudia Kiswahili, kwanza na wateja anaowajua, kisha na wote. Lakini kila alasiri, saa kumi na dakika ishirini, nilimwona binti yangu akija kutoka kituoni kwa mwendo wa mtu aliyefanya kazi ya watu wawili. Daftari za hesabu mezani zilikuwa mbili, mwandiko mmoja. Mkate anaobeba asubuhi uliongezeka, na alirudi na njaa.

"Mwanao amekuwa hamali," mke wangu alisema akiwa jikoni, bila kucheka.

"Anasema mwenzake anaumwa bega."

"Bega gani linaumwa mwezi mzima na bado linapiga ngoma?"

Nilikwenda kwa mzee, kwa simu, nikamwomba ushauri. Alisema ataongea na mkuu wa shule. Nilimsihi asifanye hivyo. Wema wake nilikuwa nimeshauona unavyofanya kazi.

Mwanzoni mwa Oktoba, Jumamosi asubuhi, binti yangu alikuja dirishani kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na sketi ya shule, si yake. Kiuno kilikuwa kikubwa kuliko chake kwa vidole vinne.

"Anaomba ipunguzwe urefu," alisema kwa Kiingereza. "Na marinda yawe makali, kama ya kilti."

"Anaomba?"

Alikuwa akiangalia futi shingoni mwangu.

Nilifumua pindo. Ulikuwa ushonaji wa kiwandani, uzi mfupi, kazi ya haraka. Nilipima, nikapiga chaki, nikakata, nikashona pindo jipya kwa mkono ili mshono usionekane nje. Marinda niliyapiga pasi kwa kitambaa chenye maji, moja moja, mpaka yakasimama. Sijui kama niliwahi kumshonea mke wangu nguo kwa uangalifu ule. Binti yangu alisimama kando muda wote, mfuko mkononi, anasubiri kama mtu aliyetumwa dukani.

Niliikunja, nikampa.

"Ameshawaambia wengine?" nilimwuliza.

Aliitia sketi mfukoni taratibu, isikunjamane.

"Bado," alinijibu. Kwa Kiswahili.